Kifaa Kimoja, Mioyo Miwili

Kwenye treni ya asubuhi kutoka Makadara, mama mmoja aliyeketi karibu nami aliona uvimbe mdogo chini ya bega la Mzee Sylvance, fundi mstaafu wa reli, akautambua. "Hata mume wangu Mbugua aliwekewa kifaa hicho cha moyo," alisema. "Wewe unapanda ngazi za stesheni, yeye kufika sokoni Jericho ni shida. Kwa nini?"

"Moyo wangu ulikuwa umepoteza mpigo tu, mama. Upande mmoja ulichelewa, waya zikaurudisha. Mumeo amewahi kupata shtuko la moyo?" "Mara mbili," mama akajibu. "Basi moyo wake una makovu. Daktari aliniambia umeme haupiti vizuri kwenye kovu." Mzee alieleza kama mtu anayezungumzia injini.

Nyumba za Kaloleni zikapita dirishani. "Tulikuwa tukicheza rumba ukumbini pale," mama akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nachelewa hatua, yeye ananisubiri."

"Mrudishe kliniki. Kifaa hurekebishwa."

"Amechoka na kliniki, mzee. Anataka niweke santuri nicheze, yeye aangalie."

"Na unacheza?"

"Kila Jumamosi."

Treni ikasimama kituo cha mwisho. Abiria sote tuliinuka kushuka, isipokuwa wao wawili, waliobaki wameketi.