Magloire Kashindi, Aliyepanda Behewa la Kwanza

Tunamshukuru Mungu aliyetuazima kaka yetu kwa miaka sitini na mitatu.

Marehemu Magloire alizaliwa Uvira tarehe 14 Machi 1961. Mama alipenda kwenda naye sokoni, kwa sababu aligonga kila chungu kwa kidole na kusikia chenye ufa. Wauzaji walimwambia mama amwache mtoto wake nyumbani. Alisoma shule ya ufundi Bukavu na kupata diploma ya mekanika mwaka 1981. Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na Stéphanie Furaha, na Mungu akawapa watoto watatu.

Vita viliwaleta London mwaka 1999, wakakaa Tottenham. Alisafisha maofisi hadi mwaka 2002, alipopata kazi ya fundi kwenye bustani ya burudani nje ya mji. Huko aliikuta Gannet, treni ya kuburudisha watu kwenye reli za juu, iliyofunguliwa mwaka 1985, ambayo iliwazungusha abiria kichwa chini katika maduara mawili. Kila asubuhi alitembea chini yake akigonga bolti kwa nyundo ndogo na kusikiliza, kisha akasaini karatasi ya kuifungua. Baadaye alimwingiza kazini Gires, mdogo wa mke wake.

Jumamosi tarehe 17 Agosti 2013, kanisa letu lilikuwa katika siku ya tatu ya mfungo. Nguzo ya duara la pili ilitoa sauti mbovu alipoigonga, na marehemu akakataa kusaini. Bosi alisema ni njaa inayompigia kelele masikioni, akampa Gires kalamu asaini yeye. Watu walikuwa wameshapanga mstari. Gires alikuwa anangoja viza ya mke wake, Euphrasie, na bila kazi ile viza isingetoka.

Marehemu hakubishana. Aliingia behewa la kwanza, akajifunga mkanda.

"Saini, shemeji, halafu uwashe," alisema. "Mimi niko ndani."

Gires alishika kalamu ile karibu robo saa. Mwishowe akaiweka mezani, akaondoka bila kumtazama.

Wakaguzi walipoitwa, walikuta ufa chini ya rangi ya nguzo ile. Gannet haikufunguliwa tena; Machi 2014 ilikatwa vipande. Watu kumi na wanane walipoteza kazi. Euphrasie alichelewa kuja kwa miaka mitatu, na Gires hakumsalimia marehemu kwa miaka kumi na moja, hata kanisani.

Oktoba 2024 madaktari walikuta saratani ya ini. Mwisho wa Januari Gires alikuja hospitalini, akasimama mlangoni bila kuvua koti.

"Shemeji, ile siku ningesaini," alisema.

"Najua," marehemu alijibu. "Ndiyo maana nilipanda."

Gires alivua koti, akakaa. Ndiye aliyekuwa amemshika mkono Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, Bwana alipomwita.

Ameacha mjane wake Stéphanie, watoto Aristide, Chancelle na Déogratias, wajukuu wanne, mimi dada yake, Reine, na shemeji zake, Gires na Euphrasie.

Bwana ampokee, apumzike kwa amani kaka yetu.