Fundi Rangi Aliyejisomea Slaidi

YAH: MAREKEBISHO YA TAREHE YA KUZALIWA YA MTUMISHI, ndivyo ilivyoanza barua ambayo marehemu aliipeleka ofisi ya utumishi mwaka 1987, akaipeleka tena mwaka 1994, na mara ya mwisho alipokaribia kustaafu, akieleza kwa adabu zote kwamba alizaliwa tarehe 30 Juni 1962, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mjomba wake, mvua ikinyesha, na si tarehe 31 Juni kama faili linavyosema, kwa kuwa Juni haijawahi kufika siku hiyo, na mara zote tatu ofisi ikamjibu kwamba ombi limepokelewa, linafanyiwa kazi, na wakati linafanyiwa kazi aendelee kutumia tarehe iliyopo.

Ndugu waombolezaji, familia imeomba tuanzie hapo kwa sababu yeye mwenyewe aliipenda habari hiyo kuliko vyeti vyake vyote, na alikuwa akisema kwamba mtu aliyezaliwa siku isiyokuwepo hana haja ya kuharakisha kuzeeka.

Alikuwa mtoto wa tatu wa baba aliyekuwa dobi na mama aliyekuwa mpishi wa shule, akakulia kati ya mvuke wa pasi na ndoo ya bluu ya kung'arishia mashati, ambamo alizoea kutumbukiza kidole na kukaa kizingitini akikitazama kikikauka, mpaka mama yake akamuuliza kama kidole kile ni cha familia au cha wateja. Alianza shule ya msingi mwaka 1970, akamaliza sekondari mwaka 1980, na huko ndiko mwalimu wa baiolojia alipowapanga mstari waangalie ganda la kitunguu kwa darubini, kila mtu dakika yake, naye zamu yake ilipofika akaona vyumba vidogo vidogo vimepangana hadi ukingoni mwa mwanga, akakataa kutoka, akatolewa kwa kushikwa kola. Mwaka 1984 alihitimu stashahada ya maabara, na tarehe 1 Machi 1985 akaajiriwa hospitali ya rufaa, katika maabara ya vinyama, chumba cha mwisho kwenye korido, nyuma ya chumba cha dobi cha hospitali, kwa hiyo tunaweza kusema hakwenda mbali sana na nyumbani.

Kazi yake ilikuwa hii: kinyama kilichotolewa mwilini mwa mgonjwa kiligandishwa ndani ya nta, kikakatwa vipande vyembamba kiasi kwamba ukipumua vinaondoka, vikaelea juu ya maji ya uvuguvugu kama vinajiuliza viende wapi, naye akavivua kimoja kimoja kwa kioo chembamba wanachokiita slaidi, akavipitisha kwenye bakuli za rangi, na kisichokuwa na sura kikapata sura, zambarau kwenye viini vya seli, waridi pembeni. Jua la saa nne lilipoingia dirishani na kugusa bakuli zile, ukuta wa pili ulikuwa ukicheza rangi kama maji, na wenzake wanasema saa hiyo ulikuwa huwezi kumsemesha, wakampa jina la Fundi Rangi, ambalo hata mshahara ungekuja nalo kama ofisi ya utumishi ingekubali.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyempelekea koti lake la kazi lenye madoa na matundu mawili, ambaye baada ya kuligeuza huku na huku alimwambia, "Kaka, hili mimi sitalitia kiraka, hili nitalizika," na marehemu akarudi kesho yake na koti lingine lisilo na tundu lolote. Mungu aliwajalia mabinti wawili, kifungua mimba mwaka 1993 na kitinda mimba mwaka 1998, ambao baba yao aliwaita Zambarau na Waridi, ingawa vyeti vyao vina majina mengine, tena vina tarehe sahihi, maana alivisimamia mwenyewe dirishani.

Mwaka 2008 hospitali ilianza utafiti juu ya saratani ya umio, ile njia inayopeleka chakula tumboni, na marehemu akapewa rangi mbili mpya, ya kwanza ikigeuza kahawia kila seli inayojiandaa kugawanyika, ya pili ikigeuza kahawia kila seli inayokufa yenyewe kwa utaratibu, kama mzee anayekunja shuka zake kabla ya kuondoka, na swali lilikuwa kama wingi wa zinazoongezeka na uchache wa zinazokufa unaweza kubashiri nani ataishi muda mrefu baada ya kupasuliwa na nani hataishi. Utaratibu ulikuwa mkali, anayetia rangi hasomi na anayesoma hatii rangi, kila slaidi na namba yake bila jina, na fundi aliruhusiwa kutazama kitu kimoja tu kwa darubini, kipande cha kulinganishia kilichokaa pembeni ya kila slaidi, nyama ambayo inajulikana itashika rangi, ili ahakikishe dawa imefanya kazi.

Nyama inayofaa zaidi kwa kulinganishia ni mafindofindo, zile tezi mbili za kooni, na kwa bahati marehemu alitolewa ya kwake mwaka huo huo, akaweka saini ya kuyakabidhi maabara, hivyo kwa miaka kumi na zaidi kila mgonjwa wa umio alikaa juu ya kioo kimoja na koo la Fundi Rangi, na mkewe akawa anawaambia majirani, "Wenzangu waume zao wanawekeza viwanja, wangu kawekeza mafindofindo."

Ugonjwa ulianza mapema mwaka 2019, mkate ukawa unakwama, kisha wali, marehemu akawa anatafuna muda mrefu kama mtu anayetafakari hoja, huku akisukumia nyama sahani ya Waridi, mpaka mkewe akasema mbele ya watoto, "Baba Zambarau, ama nyama yangu imekuwa ngumu ghafla, ama koo lako lina jambo, na nyama yangu mimi naijua." Tarehe 12 Machi alipitishiwa mpira wenye taa, kinyama kikachukuliwa, na kwa kuwa hospitali ni ile ile na fundi ni yule yule, kikatua mezani kwake. Fundi mwenzake alimwambia, "Kaka, hiki nipe mimi," naye akajibu, "Utaniharibia."

Alikitia rangi vizuri kuliko alivyowahi kutia kitu chochote, akaweka slaidi chini ya darubini, akatazama mafindofindo yake, yakawa yameshika sawasawa, na hapo ndipo alipotakiwa kunyanyua kichwa, lakini mkono ukasogeza kioo kidogo upande wa kulia. Akaona kahawia tupu, viini vimesongamana vikijiandaa kugawanyika, na kwenye slaidi ya pili, ile ya vifo, akaona bluu iliyotulia ya seli zisizoshika kahawia, karibu hakuna seli inayokufa, na kwa seli za namna ile kutokufa ndio msiba wenyewe. Alikuwepo siku matokeo ya utafiti yaliposomwa, alikumbuka wenye picha kama ile waliishi muda mfupi kiasi gani, akafunika darubini, akaenda nyumbani, akatangaza kwamba hatapasuliwa wala kutundikiwa dripu ya dawa za saratani.

Wiki zilizofuata alitengeneza mfereji wa bati, akamwonyesha Waridi jinsi ya kulipia maji, akawa anapita chumba hadi chumba akigusa vitu kama mtu anayeviaga, na asubuhi moja alimsimulia mkewe kwamba ameota anatembea katika mji wa zambarau ambao kila nyumba ilikuwa ikijifungua nyumba nyingine, taa zote zinawaka, hakuna mlango unaofungwa, naye anazunguka akitafuta walau nyumba moja iliyokubali kuzima taa ili abishe hodi aishukuru. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Umesoma slaidi yako?" Akasema ndiyo. "Miaka yote watu wanakufuata mpaka mlangoni, slaidi ya mama yangu inasemaje, unawajibu mimi natia rangi tu, sisomi. Leo ya kwako umesomea chuo gani?"

Mkewe akafunika cherehani, akaenda maabara na futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni, akamkuta daktari anayesoma slaidi, mama mwenye sauti ndogo na miwani mikubwa, akamuuliza mume wake atakufa lini. "Mama," daktari akamjibu, "slaidi haina kalenda." Jioni hiyo hiyo daktari alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa kwenye benchi la wateja, kati ya suruali mbili zinazosubiri kupunguzwa.

"Kaka Rangi, nani kakuruhusu kusoma?"

"Nilichungulia tu."

"Umechungulia pembe moja, mimi nahesabu sehemu nyingi ndio nasema neno. Halafu wale tuliowafuatilia walipasuliwa tu, dripu na mionzi hawakupata. Seli zenye haraka ya kugawanyika ndizo ambazo mara nyingi dawa huzikuta njiani na kuziua. Sikuahidi kitu. Nasema hujui, na mimi sijui, basi tusijifanye tunajua."

"Kwa hiyo nimekiuka utaratibu."

"Umekiuka. Adhabu yako ni kulazwa wodi namba nne kuanzia Jumatatu."

Alitibiwa kwa dripu na mionzi, akapasuliwa tarehe 20 Agosti 2019, na kipande kilichotolewa kilipofika maabara fundi mwenzake ndiye aliyekitia rangi, daktari akakisoma, akakuta seli za saratani zimebaki chache mno, na marehemu alipoulizwa kama anataka kuona alisema hapana, akaomba uji. Alirudi kazini Februari 2020, mwembamba, akila kidogo kidogo na kulala ameegemea mito, akampokea mjukuu wake wa kwanza, na akastaafu rasmi tarehe 31 Juni 2022, na kwa kuwa siku hiyo haikufika aliendelea kuja kazini wiki mbili zaidi mpaka ofisi ilipogundua.

Juni 2023 ugonjwa ulirudi, safari hii kwenye ini, daktari akamweleza kabla hajauliza, naye akasema, "Sawa, sasa umesoma wewe," wakakubaliana na mkewe kwamba atabaki nyumbani. Alasiri nyingi alilala akitazama pazia, dawa ya maumivu ikimbeba, akieleza rangi anazoziona na ipi iko tayari kutolewa kwenye bakuli, na wanawe wakawa wanamwitikia, "Tayari, baba, tumeshaitoa." Alifariki Alhamisi tarehe 5 Oktoba 2023, asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, fundi mwenzake ambaye hakumharibia, majirani waliokuja na viti bila kuombwa, wateja wa cherehani waliovumilia kuvaa nguo zao za zamani, na ofisi ya utumishi kwa salamu za rambirambi zenye kumbukumbu namba, ambazo tumezipokea na tunazifanyia kazi. Fundi Rangi, mume, baba, babu, pumziko lako liwe la amani.

Cheti cha kifo kimeandika kwamba moyo ulisimama, nasi hatuna ubishi, ila tungependa isikike hapa ilivyokuwa: alijisomea akakata tamaa, mkewe akakataa, akatibiwa, akaishi miaka minne, saratani ile ile ya umio ikarudi kwenye ini, akafa.