Dirisha Lililokataa Kukaa

Benchi la Shomari muuza kahawa liko nje ya duka la nyavu, Musoma mjini, na asubuhi haliishiwi wataalamu. Upande wa birika hukaa Voltiji, fundi simu, ambaye hajawahi kukutana na tatizo asilolijua. Upande wa pili hukaa Mstaafu, aliyeandika barua za serikali miaka thelathini na bado anaongea kwa aya. Leo katikati yao alibanwa Rhobi, laptop mapajani, akingoja gari la Bunda. Huko, saa nne, msimamizi wa mradi alikuwa amepania kuwanyang'anya akina mama wa Suguti vichanja vya kuanikia dagaa, eti wiki fulani fulani wanaficha mzigo. Picha ya grafu aliikataa, akisema picha hupikwa. Alitaka abofye nukta mwenyewe, aone tarehe na idadi ya ndoo za dagaa. Rhobi, anayewashikia akina mama hesabu zao, alimtengenezea grafu ya namna hiyo kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Sasa dirisha la grafu likawa linafunguka, linapepesa, linatoweka.

— Rudia, alisema Voltiji.

Akarudia. Likatoweka.

— Voltiji hiyo. Umeme unashindwa kulibeba.

— Niko kwenye betri, kaka.

— Kwani betri haina voltiji?

Mstaafu akaweka kikombe chini.

— Ofisini tulikuwaga na kompyuta moja haipendi kutazamwa na watu wengi. Naomba tugeuke.

Wakageuka, hata Shomari na birika lake. Rhobi na digrii yake ya takwimu aliona aibu, lakini akabonyeza. Likatoweka.

— Kuna mtu amechungulia, alisema Mstaafu.

— Ni Buhemba, alisema Voltiji. Dhahabu ya kule inavutaga mawimbi.

— Buhemba kule mpaka hapa?

— Mawimbi si yanatembeaga, dada.

Akaja Pelagia, mwenyekiti wa akina mama wa Suguti, kitenge kimefungwa kisafari.

— Gari tayari, mwanangu. Dirisha limekaa?

— Halikai, mama. Programu inafika mwisho bila kosa lolote, na dirisha linakwenda nayo.

— Sasa ikishamaliza kazi, nani anabakiga kulishikilia?

Rhobi alishuka hadi mstari wa mwisho: block=False. Onyesha, usisubiri. Aliuandika mwenyewe wiki iliyopita, alipotaka grafu mbili zifuatane bila kungojana. Ya pili akaifuta, amri ikabaki. Akaigeuza kuwa True, akabonyeza.

Dirisha likafunguka, likakaa. Likaendelea kukaa.

Pelagia akaonyesha bonde la kwanza la grafu, wiki ya ndoo chache. Rhobi akabofya, tarehe ikatokea.

— Mbalamwezi, alisema Pelagia. Mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, wavuvi wanalalaga.

La pili.

— Mbalamwezi.

La tatu alilisema Shomari, la nne Mstaafu, na kufika la saba benchi zima lilikuwa linaitikia kama kwaya.

— Tungeficha nini, alisema Pelagia, na mitumbwi iko nchi kavu?

— Ndicho nilichokuwa nasema toka mwanzo, alisema Voltiji. Lilikuwa linahitaji kusubiri tu.

— Basi wewe mwanangu subiri hapo, Pelagia akamwambia.

Rhobi akataka kukunja laptop. Pelagia akamshika mkono.

— Usiifunike.

Akaibeba mwenyewe ikiwa wazi, mbele ya kifua, kama sinia la harusi, na njia nzima hadi kwenye gari watu wakampisha.