Pilau ya Kuhitimu Maelekezo

Amani kwenu nyote, wa msikitini na wa kanisani, na nyinyi mliofuata chai. Mwenyekiti kanipa nafasi niseme yaliyonikuta, na kanionya nisitie chumvi. Nitajitahidi, lakini mnanijua.

Mimi kwetu Tanga. Hapa Johannesburg nimebeba maboksi kwenye ghala moja kule Midrand mpaka mgongo ukaanza kulia kama mlango mbovu. Daktari akasema nikiendelea kunyanyua nitatembea nimeinama maisha yangu yote. Bosi akasema kipo kiti kwenye chumba cha kompyuta palepale ghalani, ila kinataka mtu mwenye cheti. Basi nikajiandikisha shule ya jioni, Hillbrow, kujifunza kutengeneza programu. Mimi, ambaye simu tu ilikuwa inanitoa jasho!

Kupata cheti lazima utengeneze programu yako na kuionyesha mbele ya walimu. Yangu ilikuwa ya chama chetu hiki, ya kupanga zamu za kwenda kuwaona wagonjwa. Mwalimu akatuelekeza tutumie chombo fulani cha bure mtandaoni, kilichotengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani. Maelekezo wameyaandika wao wenyewe, kila mtu kipande chake. Kurasa nyingi kuliko madirisha yote ya Hillbrow! Huyu kaandika kama anakubembeleza ulale, yule kama anagombana na mkwewe.

Sasa mimi nimelelewa chuoni, mbele ya ustadhi. Pale kitabu unakianza mwanzo, unakimaliza mwisho, ndipo unafungua mdomo. Kwa hiyo kompyuta sikuigusa. Nilisoma. Nilisoma kwenye teksi, hizi daladala za huku, nikasoma nimeketi juu ya maboksi. Ulikuwa msimu ule mijakaranda inapochanua, barabara zote zambarau, nami natembea kama mtu aliye chini ya maji. Nikaanza kuona mistari ya maelekezo inapanda kuta za maghorofa, inaingia dirisha hili, inatokea lile, inapepea pamoja na nguo zilizoanikwa. Robot, taa za barabarani kwa lugha ya huku, inawaka kijani, mimi nimesimama, nasubiri sentensi iishe. Watu wanapiga kelele, "Eish, malume, vuka!" yaani mjomba.

Darasani alikuwepo dada mmoja wa Lubumbashi, mchana anasuka nywele. Alinicheka sana, akiniita yaya, yaani kaka kwa Kiswahili cha kwao.

"Yaya, weye unasoma tu! Mashine iko inakungojea sawa bibi arusi."

"Nimalize kwanza, dada."

"Utamaliza, kisha utakufa."

Nikamaliza. Na kwetu mtu akihitimu kitabu, watu wanakula. Mke wangu, Mungu amzidishie, akapika pilau ambayo harufu yake ilifika Pretoria. Majirani wakaja, na baadhi yenu mlikuwepo, nawaona mnavyoinamisha nyuso. Tukaomba dua, tukala, ndipo nikafungua kompyuta mbele ya wageni, nikafuata ukurasa wa kwanza neno kwa neno. Nikabonyeza. Yakatokea maandishi mekundu: muunganisho umekataliwa. Nikabonyeza tena. Umekataliwa. Mzee mmoja akauliza, "Imekataa nini, pilau?"

Ndugu zangu, nawaambia, kile kicheko bado kinazunguka kwenye lifti ya jengo letu.

Siku zilizofuata nikawa kama kivuli. Nafuta, naanza upya, nyekundu. Kosa nililiona ni langu, maana kitabu hakikosei. Siku ya kwenda mbele ya walimu inakaribia. Nikamwambia mke wangu, narudi zangu kwenye maboksi.

"Na huo mgongo utaazima kwa nani?" akaniuliza.

Nikampelekea dada wa Lubumbashi kilio changu.

"Uliza wenye waliandika," akasema.

"Niwaulize nini? Mwanafunzi amwambie mwalimu kitabu chake kina kasoro?"

"Yaya, ile si Kurani, si Biblia. Ni watu."

Jamani, hilo sikuwahi kulifikiria.

Nikaandika kwenye baraza lao la mtandaoni, kwa Kiingereza changu cha ghalani, nilichofanya na nilichokiona. Jibu likanikuta kwenye foleni ya teksi. Mwanamke, sijui wa nchi gani, anasema nje kwake theluji inaanguka. "Ukurasa huo niliuandika mimi. Kabla ya yote inabidi uwashe seva, ile inayotunza taarifa. Yangu haizimwi kamwe, nikasahau kwamba kuna kuiwasha. Samahani sana. Shimo umeliona wewe. Unaweza kutuandikia sentensi hiyo?"

Foleni ikanipita. Maua yananidondokea mabegani, nami naona kurasa zile zote zinageuka nyuso. Huyu amempakata mtoto, yule anasubiri basi, wanaandika wamechoka, wanamwandikia mtu wasiyemjua. Kumbe mtu huyo ni mimi.

Nyumbani nikawasha seva. Programu ikafunguka taratibu, kama pazia la asubuhi, wagonjwa wetu wakajipanga mmoja mmoja. Mke wangu akachungulia: "Kumbe ilitaka kuwashwa tu?" Walimu wakaipitisha, cheti nikapata, na kile kiti nakikalia mimi.

Namshukuru mke wangu, dada wa Lubumbashi, yule mama wa kwenye theluji, na nyinyi mliocheka kisha mkaja tena.

Sentensi yangu niliiandika, ipo mpaka leo. Juzi, kwenye baraza lile, mtu anayeanza akaniuliza, "Ndugu, umesema niwashe seva. Inawashwaje?" Nikacheka. Halafu nikajicheka mwenyewe, maana nilikuwa nimeshasahau kwamba hilo nalo halijulikani. Aliyejua husahau upesi, ndugu zangu, hata akiwa na moyo mzuri. Kwa hiyo ukikwama, usijiite mjinga. Sema umekwama wapi, nyuma yako kuna mwingine anakuja.

Nikamwandikia hatua kwa hatua. Sijui ni nani, wala yuko upande gani wa dunia. Aliniambia tu kwamba kwao kumekucha, na programu yake imefunguka.