Fundi Vitufe na Kibodi Isiyokuwa na Lebo

Ndugu waombolezaji, karatasi hii ilipaswa kusomwa na binti pekee wa marehemu, ambaye ni mwalimu na sauti ya kusoma anayo kuliko sisi sote, lakini tangu alfajiri yuko jalalani, na mtasikia kwa nini, hivyo familia imemsimamisha shangazi yake, mdogo wa marehemu aliyenyonya naye ziwa moja, mwanamke ambaye mdomo wake, kama mnavyojua, hauna mfuniko.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Vitufe mpaka mkasahau kwamba wazazi walimpa jina, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa fundi saa na mshonaji, akaanza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1975, akiwa hodari wa hesabu na balaa tupu kwa nidhamu, maana aliifungua kengele ya umeme ya shule ili aone kilichomo, akaifunga vizuri kabisa, na tangu siku hiyo ikawa inalia yenyewe katikati ya mitihani.

Tarehe 2 Mei 1978 aliajiriwa katika ofisi ya kuchapa nyaraka, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho karibu na ngazi, kutengeneza mashine za kuchapa, na kompyuta zilipoingia, wenzake walipokimbilia vioo na nyaya, yeye akabaki na kibodi, akizijua zile za zamani kwa uzito, kwa mlio wa springi, kwa herufi zilizochorwa juu na zile zilizozama ndani ya plastiki, hata ukimfunga macho angekutajia iliundwa mwaka gani, na hapo asingekosea ila kwa makusudi, ili akucheke. Alikuwa na sheria moja, kwamba kibodi husomwa kabla ya kuoshwa, uone nani aliitumia na imechakaa wapi, kisha huandikiwa lebo, ya kuosha, ya kutengeneza au ya kutoa spea, na isiyo na lebo bado iko kwenye foleni.

Alifunga ndoa tarehe 6 Juni 1987 na mpiga chapa wa ofisi hiyo hiyo, baada ya kwenda mara kumi na moja kuitengeneza mashine yake isiyokuwa na ubovu wowote, mpaka mkuu wa ofisi akauliza kwa barua ni ugonjwa gani huo usiopona, na wakajaliwa binti huyo mmoja, tarehe 21 Agosti 1990. Mke alifariki tarehe 2 Septemba 1998, mtoto ana miaka minane, na marehemu hakuoa tena, wala hatukuthubutu kumwambia.

Mwaka 2003 ofisi ilipotupa kibodi zake za zamani, arobaini na tatu, alizichukua, akazipanga sakafuni katika karakana yake ya nyumbani, akazipitia moja moja, akafika kwenye moja akakaa chini, kwa sababu kitufe chake kirefu, kile cha kuachia nafasi, kilikuwa kimelika upande wa kushoto, kishimo kinachong'aa, na mkewe alikuwa wa mkono wa kushoto. Alipoulizwa ana hakika gani, alijibu kwamba mtu hukijua kiatu cha mkewe mlangoni. Hiyo hakuiandikia lebo, angeiandika nini, na kila asubuhi aliweka gumba lake kwenye kishimo kile kabla ya kuanza kazi, na mwaka 2009 alimwambia dada yake, peke yake, kwamba siku ya kuzikwa kitufe hicho kiwe mkononi mwake. Dada huyo ndiye anayesoma hapa, na hakumwambia mtu.

Tarehe 11 Januari 2024 alilazwa kwa ugonjwa wa moyo, na binti, aliyejifunza kazi kwa babake na akataka ampokee kwa furaha, aliingia karakana kumpunguzia foleni, akaikuta ile isiyo na lebo, akaifuata sheria kama alivyofundishwa, akavipaka vitufe dawa ya saluni ya kung'arisha nywele, ile inayoondoa umanjano wa plastiki ya zamani, akavianika juani, kile kirefu kilicholika akakitupa, akaweka kingine kizima, na taka zikachukuliwa Jumatatu tarehe 29. Shangazi alipita uani siku vimeanikwa, akavisifu weupe wake, akapita zake. Mungu amsamehe.

Marehemu alirudi nyumbani tarehe 3 Februari, akaletewa kibodi yake inayometameta, akapitisha gumba mara moja, akasema kazi ni safi, hata yeye asingeweza, kisha akaomba alazwe kitandani mwake, na hakugusa kibodi nyingine mpaka alipokata roho, Jumanne tarehe 20 Februari, saa tatu asubuhi. Siku hiyo hiyo shangazi alifungua mdomo, kwa kuchelewa, na tangu hapo mtoto wa watu anafukua taka kwa mikono, siku ya nne leo, na wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini nendeni nyie mkamwambie, sisi tumeshindwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani mliopika na kufagia, wafanyakazi wenzake wa ghorofa ya pili, na wazoa taka mliomwonyesha binti yetu lundo la wiki ile bila kumcheka, na tunawasihi, aliyeokota kitufe kirefu cha plastiki, cha rangi ya maziwa yaliyochacha, kimelika kushoto, hata kama amekifanya kabari ya mlango, asione haya, akilete, jeneza linafungwa saa nane na sasa ni saa saba na robo.

Kaka, mkono wako tumeuacha wazi. Pumzika kwa amani, na ukimkuta wifi yetu, mwambie kosa ni la mdogo wako, si la mtoto.