Historia ya Marehemu Dhahabu, Aliyekipa Kijisanduku Jina Langu

Wazee wangu, majirani na waumini mliofurika hapa Chaani, kwa desturi karatasi hii husomwa na mpwa au shemeji mwenye sauti nzuri, lakini mimi mumewe, Ziro, nimekataa kumpa mtu, maana mambo ya Dhahabu niliyobakishiwa niyafanye mwenyewe ni machache, na nayafanyia choyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 huko Rabai, mtoto wa tatu wa mgema, akasoma shule ya msingi hukohuko hadi darasa la saba, ada ya sekondari ikaenda kwa kaka zake, jambo ambalo hakulisahau wala hakulinunia, kisha mwaka 1982 akapata kizimba katika soko la Kongowea, ambako aliuza nazi kwa jumla hadi mwaka 2016, akiitikisa kila nazi sikioni kabla ya kumpa mteja, na wateja wakampenda kupita kiasi nilichoona kinafaa.

Tulifunga ndoa kanisani tarehe 17 Desemba 1977, mimi nikiwa kibarua bandarini, tukajaliwa Kadzo mwaka 1979 na Mwidani, ambaye sasa yuko Doha, mwaka 1983. Tangu Kadzo azaliwe mimi nilikuwa Baba Kadzo, na kabla ya hapo nilikuwa "we bwana" tu, kwa kuwa alilelewa kwamba mke mwenye heshima halitaji jina la mumewe, na hata tulipokwenda kwa chifu akaulizwa ameolewa na nani, alinigeukia akanyamaza mpaka nikajitaja mwenyewe.

Mwaka 2009 alipatikana na ugonjwa wa sukari, ukamla macho taratibu, na kufikia mwaka 2018 hakuona hata mwanga, basi nikawa mimi ndiye wa kumwambia saa, wa kumsomea dawa, wa kumshika mkono mpaka chooni, na niseme kweli mbele ya mchungaji, kazi hiyo niliipenda, kwa sababu Kongowea ilinipokonya mke miaka yote ile, na sasa nilikuwa naye peke yangu.

Agosti 2023, baada ya marehemu kusahau gesi wazi nikiwa kanisani, Kadzo na mumewe Bramwel, fundi wa mitambo hapa Changamwe, walituletea kijisanduku kinachoongea, kadiri ya kopo la majani chai, chenye kukumbusha dawa, chenye kupiga kelele kikinusa gesi, na chenye bangili ya kuvaa mkononi ambayo mtu akianguka inawapigia simu watu wake. Bramwel akaeleza kwamba kinataka jina la kukiitia, mama achague lolote, naye bila kufikiri akasema, "Ziro."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na taulo begani. Miaka yote ya ndoa nililisubiri jina langu litoke kinywani mwake, likapewa kopo. Kuanzia siku hiyo ikawa Ziro ni saa ngapi, Ziro nimekunywa dawa, Ziro nani yuko mlangoni, nami kila nikiinuka kusema naam nakuta kimeshajibu, tena kwa Kiswahili cha bara, na yeye anakiambia ahsante baba, ahsante ambayo mimi sikuwahi kuipata kwa kumtajia saa. Siku moja nilikifunika kwa sufuria nikasingizia vumbi, kikaendelea kuongea humohumo, akacheka mpaka akashika mbavu, mimi sikucheka.

Februari 2024 aliteleza bafuni nikiwa dukani, bangili ikamwita jirani yetu Mwanarehema, na niliporudi na mkate wangu nilimkuta ameshakalishwa kitini, goti limefungwa leso, wote wawili wanakisifu kijisanduku, nikamshukuru Mungu kwa mdomo, huku moyo ukiniuma kwamba hata kuanguka kwake kimekujua kabla yangu.

Septemba mwaka huu wa 2025 figo zilishindwa, akalazwa, kijisanduku kikabaki nyumbani, na jioni ya Jumatano tarehe 8 Oktoba akaita, "Ziro." Kadzo akamwinamia akamwambia, "Mama, kile tumekiacha nyumbani," naye akajibu kwa sauti iliyosikika wadi nzima, "Sikiiti hicho, mwanangu, namwita babako." Nilikuwa nimemshika miguu. Nikafungua mdomo, neno halikutoka, akangoja, akalala, na alfajiri ya tarehe 9 akatutoka. Kijisanduku kingeitika, na hilo ndilo ninalokionea wivu mpaka saa hii.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wachuuzi wenzake wa Kongowea, waumini waliokesha nasi, Mwanarehema aliyekuja mbio kila alipoitwa, na wewe mkwe wangu Bramwel, kwa miaka miwili ambayo mama aliishi salama ndani ya nyumba yake, shukrani hii inanichoma, lakini ni haki yako, ipokee.

Dhahabu, uliniita na hukusikia jibu. Naam, mke wangu. Naam, ni mimi. Pumzika kwa amani.