Pai za Marehemu Mama

Kwenye Haisi ya kwenda Muze nilikaa nyuma ya wanawake wawili waliofahamiana humo humo garini. Aliyejitaja Evodia alikumbatia pakiti mbili za unga wa pai uliochanganywa tayari, wa kuongeza maji tu.

“Kesho ni misa ya kumwombea mama,” alisema. “Aliwapikia masista pai miaka yote. Akiniita nijifunze, nilikuwa namwambia siku hizi kuna pakiti. Sasa nikimpikia baba, anamega kidogo, ananusa, anarudisha kwenye sahani.”

“Dada, unga ni unga,” alijibu mwenzake, mdomo umejaa andazi. “Ongeza siagi tu. Mama yako alikuwa anaweka kiasi gani?”

Niliona ni swali dogo. Evodia alizigeuza pakiti, akasoma maelezo ya nyuma, kisha akaziweka kitini. Tulipofika kwao alishuka mikono mitupu, konda akamkimbilia na pakiti zake. Alizipokea kwa mikono miwili.